Kinanda cha Sindano

Nilipelekwa kwa Gogo kwa wiki mbili. Mama alisema hivyo, wiki mbili, na mimi nikafunga nguo za wiki mbili: sketi mbili, sweta la shule ambalo nilikuwa nimelibandua beji, na viatu vya mvua. Ilikuwa mwezi wa tatu, katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalikuwa yametoka. Hayakuwa ya kunipeleka chuo kikuu, lakini yalitosha chuo cha ualimu, na mwalimu mkuu wetu alikuwa ameniambia nisije nikayaacha yakalala kabatini.

Gogo alikuwa shangazi ya mama. Kwetu kila bibi ni gogo, lakini nyumbani ukitaja Gogo bila kuongeza neno, watu walijua ni huyo. Ndiye aliyemlea mama tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Yeye mwenyewe hakupata mtoto, na mumewe alikuwa amekufa zamani. Aliishi peke yake kwenye mteremko upande wa Roret, katika nyumba ya mabati ya vyumba vitatu. Mwaka ule aliteleza katikati ya mistari ya majani chai akavunjika nyonga. Hospitali walimlaza wiki kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani na kusema atafutiwe mtu wa kumgeuza kitandani.

Sisi tulikaa mbali, upande wa Longisa, ambako ni mahindi na ng'ombe na unaweza kuona mbali. Kwa Gogo hukuona mbali. Mumewe alikuwa amepanda majani chai mpaka ukutani, hakuacha hata mahali pa kuanika nguo. Ukifungua dirisha, majani yaliingia ndani. Kutoka mlangoni hadi barabarani kulikuwa na kinjia cha mtu mmoja. Mkikutana wawili, mmoja alirudi nyuma. Na kila siku ikifika saa tisa mvua ilinyesha, mabati yakapiga kelele, tukakaa ndani kimya kwa sababu hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake.

Mama alinifikisha, akanywa chai, akaondoka siku hiyo hiyo. Alitembea haraka kwenye kile kinjia. Sikulifikiria jambo hilo wakati ule.

Kando ya kitanda cha Gogo, juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa, kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona. Kilikuwa kinanda kikubwa cha wazungu, kile wanachokiita piano, lakini kimefanywa kidogo hadi ukaweza kukibeba kwapani. Mbao zake zilikuwa za rangi nyekundu iliyoiva, zinang'aa. Kilikuwa na miguu mitatu mifupi na safu ya vibao vyeupe na vyeusi ambavyo havikubonyezeka. Vilikuwa vya kutazamwa tu. Juu kulikuwa na kifuniko chenye kufuli, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Gogo kwa uzi mweusi.

Ukiinua kifuniko, ndani hukuona nyaya za muziki. Uliona vyombo vya kushonea. Kulikuwa na trei iliyofunikwa velveti ya zambarau iliyochujuka, na kila kitu kilikuwa na kitanda chake: mkasi mdogo kama mdomo wa ndege, kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, kichupa cha sindano, vijiti vya kuzungushia uzi vilivyotengenezwa kwa gamba jeupe. Chini ya trei palikuwa na nafasi ya kuweka vitu bapa. Na chini kabisa, chini ya ubao mwembamba, ndimo ulimokuwa mtambo, kwa sababu kifuniko kikiinuka tu, kile kitu kilianza kuimba.

Kiliimba wimbo mmoja, kama dakika moja hivi. Sikuwahi kuujua ni wimbo gani. Meno ya mtambo yalikuwa yamevunjika mahali fulani, kwa hiyo katikati sauti moja ilikosekana, na wimbo ukaruka shimo hilo kisha ukaendelea. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nikifika kwenye shimo hilo nashika pumzi bila kujua.

Gogo alikiita biano. "Letea mimi biano yangu," alisema kila asubuhi baada ya uji. Nilikiweka mapajani mwake, akakifungua mwenyewe, kikaimba, akachagua sindano na uzi wa siku hiyo, akanipa, akafunga. Hakuna mtu mwingine aliyekifungua. Aliniambia hadithi yake wiki ya kwanza. Akiwa msichana alikuwa mshonaji katika nyumba ya meneja wa shamba kubwa la chai huko Kericho. Alishona mapazia, akapunguza magauni, akatia viraka soksi za watoto. Mke wa meneja alimwahidi kwamba siku watakayorudi kwao Ulaya angemwachia cherehani. Siku ilipofika, cherehani ilipakiwa kwenye sanduku pamoja na vitu vingine, na mama yule akampa Gogo kinanda hiki huku akilia.

"Alilia kweli," Gogo akasema. "Mimi sikulia. Mimi nilikuwa naangalia cherehani."

Basi hakuwahi kumsamehe yule mzungu, na hakuwahi kukitoa kile kinanda machoni.

Kazi yangu haikuwa ngumu kuieleza. Nilimgeuza asubuhi, saa nne, mchana, jioni. Nilimwosha. Nilipika uji na kimyet, ugali wa kwetu, nikachemsha maziwa, nikachota maji mtoni, nikafua shuka. Mama jirani alichuna majani chai ya Gogo, kwa hiyo hata shambani sikwenda. Muda uliobaki nilifuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia, kwa kuwa Gogo hakupenda kuona mikono imelala. Kochi lilikuwa moja. Nilifuma vitambaa vya kulitosha mara kumi. Vingine vilitandikwa juu ya redio, vingine juu ya debe la unga, vingine vilikunjwa na kuwekwa tu.

Wiki mbili zikapita. Mama hakuja. Alituma salamu kwa mtu kwamba nivumilie mpaka Gogo asimame. Mwezi wa nne msimu wa masika ulishika vizuri, paa likaanza kuvuja upande niliokuwa nalala. Gogo akauliza karatasi zangu za shule ziko wapi. Nikamwambia ziko kwenye mfuko, chini ya godoro. Akasema zitalowa, na zisipolowa panya watazila. Akavuta kinanda, akakifungua, akainua trei.

"Weka hapa. Hapa hata moto hauingii."

Nikaziweka kwa mkono wangu mwenyewe. Karatasi ya matokeo, cheti cha kumaliza shule, na kitambulisho ambacho nilikuwa nimekipata karibuni. Cheti ilibidi kikunjwe mara nne ndipo kitoshe. Bado naikumbuka sauti ya kile cheti kikikunjwa. Trei ikarudi juu yake, kifuniko kikafungwa, wimbo ukakatika nusu.

Nikamshukuru. Alikuwa amenisaidia.

Mwezi wa tano mwalimu wa shule ya msingi ya pale chini, ambaye alisali na Gogo kanisa moja, alinipa fomu za chuo cha ualimu. Nilizijaza mezani jikoni. Gogo alinitolea karatasi zangu nikanakili namba, kisha akazirudisha. Kwa anwani niliandika sanduku la posta la kanisa, maana hatukuwa na lingine. Barua za sanduku hilo zililetwa na mzee wa kanisa kila Jumapili baada ya ibada, akipita kumsalimu mgonjwa.

Nikaanza kungoja. Mtu akiwa na kitu anachokingojea anaweza kugeuza mgonjwa na kufuma vitambaa na kuchota maji mwaka mzima. Jumapili nilihakikisha niko nyumbani. Lakini mzee wa kanisa hakuwa na saa maalum, na kuni hazijileti, na mara nyingine nilirudi kutoka mtoni nikakuta kikombe chake kitupu na kiti bado kina joto. Nikauliza kama kuna barua. Gogo akasema hakuna.

Mwezi wa nane wasichana wawili niliosoma nao waliitwa vyuoni. Nilisikia kwa mama jirani, ambaye alikuwa na binamu huko kwetu. Mwezi huo huo mama alikuja kunitembelea mara ya kwanza. Alileta unga wa wimbi. Nilifurahi mpaka nikamwaga maziwa. Wao wawili wakakaa chumbani mwa Gogo, nami nikawa jikoni nawasha moto uliokuwa haushiki, nikasikia kile kinanda kikiimba. Nikafikiri Gogo anamwonyesha mama vitambaa. Nilipoleta chai mama alikuwa ametazama dirishani, kwenye majani. Nilimwambia sikuitwa. Akasema nisife moyo, mwaka ujao upo. Hakungoja hata mvua iishe.

Nikaamini kwamba nimeshindwa. Nilijiambia kuna wengi wenye alama kama zangu, na mimi sina mtu wa kunisemea. Jumapili zikawa siku kama siku nyingine.

Halafu kuna jambo la kutembea. Sijui lilianza lini hasa. Niliona kwanza kwamba kifuniko cha sufuria hakiko nilivyokiacha. Siku nyingine redio ilikuwa stesheni nyingine, nayo ilikuwa rafuni, mbali na kitanda. Siku moja nilikwenda kuchota maji nikakuta mtoni kumejaa watu wanaosafisha mapipa ya dawa za ng'ombe, nikageuka nirudi baadaye. Nikaingia ndani bila kelele kwa sababu nilikuwa miguu mitupu. Gogo alikuwa amesimama dirishani. Hakuwa ameegemea kitu. Alikuwa akichuma majani mawili matatu yaliyoingia ndani, jani jani na kichipukizi chake, anayakusanya kiganjani kama mtu aliyezoea kazi.

Alinisikia. Hakugeuka haraka. Alirudi kitandani hatua kwa hatua, akaketi, akainua mguu mmoja kwa mikono miwili, kisha wa pili, akajifunika. Nami nikaweka mtungi chini, nikamuuliza kama nimgeuze. Akasema ndiyo. Nikamgeuza.

Mpaka leo sielewi kwa nini sikusema. Nadhani niliona kwamba nikisema, mmoja wetu itabidi ajibu. Tukaendelea hivyo, mimi namgeuza mtu anayeweza kujigeuza, yeye ananishukuru. Watu wa kanisa walikuja kumwombea apate nguvu za miguu, nami nikafumba macho pamoja nao.

Mwezi wa kumi na moja kinanda kikanyamaza. Asubuhi alikifungua kama kawaida, kikatoa mlio mmoja, kikakwama. Akakifunga, akakifungua. Akajaribu kuzungusha kijiti cha kukaza mtambo upande wa nyuma, kikagoma. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa hivyo. Hakula mchana. Siku ya pili aliniambia kuna fundi wa saa pale mjini Litein, mtu wa kutoka upande wa ziwani, anayekaa kwenye veranda ya duka la nguo, na kwamba huyo hashindwi na kitu chenye meno. Akaniambia nitoke kwanza chumbani. Nilimsikia akihangaika na trei, nikasikia karatasi. Aliponiita, kinanda kilikuwa kimefungwa kwa leso, na ufunguo uko juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuushika. Ulikuwa na joto la shingo yake.

Nikakifunga mgongoni kama mtoto. Mkononi nilikuwa na jogoo, ndiye malipo ya fundi. Nilipofika barabarani niligundua kwamba tangu mwezi wa tatu sikuwa nimetembea mahali ambapo mikono yangu haigusi majani pande zote mbili. Kwenye barabara nilitembea katikati. Nilitembea polepole makusudi.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alifungua leso, akakitazama kinanda muda mrefu bila kukigusa, akauliza ni cha nani. Nikamwambia. Akakigeuza juu chini kwenye taulo, akafungua skrubu ndogo kama mbegu za mtama, akaondoa ubao wa chini, akavaa lile jicho la kioo la mafundi wa saa.

"Nyathina," akaniita, kama watu wa kwao wanavyomwita mtoto, "hii mashine haina ugonjwa. Kuna kitu imekula."

Aliniita nisogee nione. Mtambo ulikuwa mzuri kuliko kinanda chenyewe. Kulikuwa na kipipa cha shaba chenye vipele na kitana cha chuma kilichokosa jino moja. Ule ubao mwembamba kati ya mtambo na sehemu ya kuwekea karatasi ulikuwa umepasuka pembeni, na kitu cha rangi ya kaki kilikuwa kimepenya kwenye ufa huo na kuingia kati ya magurudumu. Akakitoa kwa kibanio, taratibu, kisha akakiweka juu ya taulo.

Ilikuwa pembe ya bahasha ya serikali iliyochanika. Juu yake palikuwa na sehemu ya maneno yaliyopigwa taipu. Zilikuwa herufi sita za mwisho za jina langu, na chini yake namba ya sanduku la posta la kanisa.

Fundi alizungusha kijiti cha kukazia, kinanda kikaimba pale kwenye veranda, wanawake waliokuwa wakichagua nguo wakageuka kutazama. Mimi nilikuwa naangalia karatasi. Nilimuuliza fundi kama naweza kuichukua. Akauliza kama ni yangu, kama imeandikwa jina langu. Nikasema nusu yake. Hakucheka. Alinifungia kinanda vizuri kwa ile leso, na jogoo akamfunga kwenye mguu wa benchi.

Sikumbuki njia ya kurudi. Mvua ilinikuta na sikujikinga. Nilikikinga kinanda tu, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kukiogopea. Nilipoingia, Gogo alikuwa ameketi kitandani, blanketi mpaka kiunoni.

"Imepona?"

"Imepona."

Nikakiweka kwenye kigoda, nikafungua leso, nikainua kifuniko mwenyewe. Kikaimba. Alisikiliza mpaka shimoni, mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipoweka kile kipande cha bahasha juu ya blanketi, mbele ya mikono yake.

"Hii ilikuwa ndani ya biano," nikasema.

Hakukichukua. Alikitazama tu.

"Nilisikia ikichanika," akasema. "Wakati nilikuwa natoa makaratasi. Nilijua kipande imebaki huko."

"Na bado ukanituma."

"Bado nikakutuma."

Aliingiza mkono chini ya godoro akatoa karatasi zangu, na kati yake barua, katika bahasha iliyokosa pembe. Niliisoma nikiwa nimesimama, maji yananidondoka. Nilikuwa nimeitwa. Kulikuwa na jina la chuo, siku ya kuripoti, na orodha ya vitu vya kubeba: blanketi mbili, ndoo, jembe, sahani ya bati, Biblia. Siku ya kuripoti ilikuwa imepita kwa zaidi ya miezi miwili.

Nikamuuliza kwa nini. Alifikiri kana kwamba swali ni gumu.

"Ungeenda," akasema.

Nikamwambia kwamba anaweza kutembea, kwamba mimi najua na yeye anajua kwamba najua. Akasema ni kweli. Akasema kutembea si shida yake, shida yake ni nyumba. Tangu mumewe afe alikuwa akiamka anasikia majani tu, miaka yote hiyo, na alipoanguka pale shambani alilala chini tangu asubuhi mpaka mvua ya saa tisa ndipo mtu akampata, na tangu siku hiyo hakuweza kuwazia kubaki peke yake hata alasiri moja. Alisema haya bila kulia na bila kuomba msamaha. Kisha nikauliza alijuaje kilichoandikwa, maana sikuwahi kumwona akisoma Kiingereza.

"Mimi sijui hiyo Kizungu," akasema. "Mama yako alinisomea."

Nikakumbuka mwezi wa nane, moto uliokuwa haushiki, na kinanda kikiimba chumbani.

Asubuhi nilipika uji, nikamwekea mezani badala ya kitandani, nikaenda nyumbani. Nilifika mchana. Mama alikuwa ameketi juani kwenye gunia, anapukuchua mahindi. Aliponiona na ile bahasha mkononi hakuinuka. Niliketi upande wa pili wa gunia. Kwa muda tulipukuchua wote wawili, kwani mahindi yalikuwepo na mikono haikuwa na kazi nyingine.

Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nikamngoja aeleze, akapukuchua mabunzi mawili mazima kabla ya kuendelea.

"Yule mama alinilea," akasema. "Alipoanguka, ni mimi aliniita. Hakukuita wewe. Sikutaka kwenda. Nilijua mtu akiingia kwa ile nyumba hatoki. Nikakutoa wewe."

"Ulisema wiki mbili."

"Nilisema wiki mbili ndio niweze kukuacha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwa maneno ya kunishauri. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alisema pia kwamba aliposoma ile barua alitaka kuniita kutoka jikoni, na mdomo ukafunguka, kisha akaona nikiondoka atakayebaki pale ni yeye. Alisema alifikiri wangeniita tena. Sikuwahi kumjibu, hata miaka iliyofuata, ingawa tuliendelea kuzungumza mambo mengine yote.

Nililala nyumbani siku mbili. Nilitegemea kwamba nitapumua. Badala yake kila ilipofika saa ya kumgeuza Gogo niliinuka nilipokaa, nikajikuta nimesimama katikati ya ua, sina la kufanya. Siku ya tatu nikarudi Roret. Watu wakiniuliza leo kwa nini nilirudi, nasema ni kwa sababu ya fomu mpya, maana anwani ilikuwa ya kule. Si uongo. Lakini nilirudi pia kwa sababu sikujua mahali pengine pa kuweka mikono yangu.

Nilimkuta Gogo jikoni, amesimama na fimbo, anakoroga kimyet iliyoanza kuungua. Hakujisumbua kurudi kitandani. Karatasi zangu zilikuwa mezani, zimefungwa kwa uzi mweusi. Cheti alikuwa amekinyoosha chini ya pasi baridi, lakini mikunjo haikutoka.

"Weka mahali pako," akasema.

Nikapigilia msumari juu ya kitanda changu nikatundika mfuko. Paa bado lilivuja, nikausogeza msumari.

Niliishi naye karibu miaka miwili mingine. Mwaka uliofuata sikuitwa, na safari hiyo ilikuwa kweli. Alama walizotaka zilikuwa zimepanda. Nilifundisha watoto wadogo katika chumba cha kanisa, asubuhi tu, na mchana nikarudi kwa kile kinjia. Barua zangu niliomba mzee wa kanisa anipe mkononi, na hakuuliza kwa nini. Tulikuwa na adabu sana mimi na Gogo katika muda huo. Alipika siku moja, nikapika siku ya pili. Lakini mgeni akipiga hodi, alikwenda kitandani akajifunika, nami nilimletea chai huko. Sikumfichua. Nilichoka kwa namna ambayo hata usingizi hauitoi, na nilimpenda, na kuna siku nilitamani afe, kisha nikamchemshia maziwa kwa aibu.

Nilipoitwa mara ya pili, nilimsomea barua yote, pamoja na orodha. Aliposikia jembe akasema litoke kwake, lake lina mpini mzuri. Mama hakuja kunisindikiza. Alituma blanketi moja. Asubuhi ya kuondoka nilijitwisha sanduku, nikamuaga chumbani, nikatoka. Nilikuwa katikati ya kinjia niliposikia fimbo nyuma yangu. Alinifuata mpaka barabarani amebeba lile jembe begani. Mama jirani alikuwa akichuna majani karibu na njia. Aliacha kuchuna, akamtazama mgonjwa tuliyemwombea muda wote huo akipita mbele yake kwa miguu yake miwili. Gogo akamsalimu.

"Chamge."

"Chamge mising," jirani akajibu, basi.

Tulisimama kando ya barabara mpaka gari likaja. Aliniuliza kama nina leso ya kutosha. Gari lilipoondoka sikutazama nyuma, na nililijutia hilo muhula wa pili, nilipopata habari kwamba amezikwa. Walimzika na mimi sijaambiwa. Mama alisema hakutaka kunitoa shuleni.

Chuo kilikuwa uwanda, majengo marefu ya mawe na nyasi katikati, na ukisimama bwenini uliona mpaka kwenye geti. Wenzangu walilalamika kwamba geti linawafungia ndani. Mimi sikuliona kama geti. Muhula wote wa kwanza nilikwenda kwa matroni kuomba ruhusa: ya kwenda maktaba, ya kuanika nguo, ya kwenda msalani wakati wa kusoma. Nilisimama mlangoni kwake na kungoja. Mwanzoni alinijibu vizuri. Siku moja, nilipomwomba ruhusa ya kuchota maji, akaweka kalamu chini.

"Msichana, huku hakuna mtu anaomba maji," akasema. "Bomba ni ile pale. Enda."

Nikasimama bado. Akarudia, kwa upole zaidi, na akanyoosha mkono kunionyesha. Ndipo nikachukua ndoo.